Herufi H Inapopotea Njiani: Ukanushi wa Kiswahili na Uchunguzi wa Hitilafu katika Mifumo ya Kujibu Simu kwa Sauti, Unguja

Ikisiri

Mifumo ya kujibu simu kwa sauti humsomea mpigaji ujumbe uliorekodiwa na kumtaka abonyeze vitufe. Ni njia muhimu ya kuwafikia wasiosoma na wasioona vizuri. Hitilafu zake kwa kawaida huachiwa mafundi wa mitandao. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya hitilafu hizo haieleweki bila ya mofolojia ya Kiswahili, kwa kuwa mtandao wa simu una tabia ya kukata mwanzo wa usemi, na mwanzo wa kitenzi ndipo Kiswahili kinapoweka kikanushi. Makala yanaonyesha maumbo yanayogeuka kuwa yakinishi pale mwanzo unapokatwa, maumbo yanayosalimika, na namna mchunguzi anavyoweza kulitenga kosa la mtandao na kosa la utungaji. Mifano ya jumbe imetungwa na mwandishi kwa kufuata miundo inayosikika katika huduma za aina hii.

1.0 Utangulizi

Mama mmoja wa Jambiani, mkulima wa mwani, aliniletea simu yake akiwa na hasira. Alikuwa amepiga nambari ya huduma moja ya habari, mashine ikampokea, na kabla ya maelezo kumalizika akakata. "Mwanangu, hawa wasema watanikata pesa. Kwani wanikata kwa lipi?" Nikaipiga nambari ile kwa simu yake, nikaweka sikio. Nilisikia wazi kabisa: "Utatozwa ada kwa simu hii." Sauti ilikuwa safi, haikukwaruza wala kukatika. Baadaye, fundi wa huduma hiyo aliponiruhusu kusikiliza faili lenyewe kwenye kompyuta, msomaji alikuwa amesema: "Hutatozwa ada kwa simu hii."

Fundi alisema kosa ni la mtandao. Mwenzangu wa idara ya lugha, nilipomsimulia, alisema kosa ni la msomaji, kwamba hakuitamka H sawasawa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu, na kwa kuwa kila mmoja aliitosheka nusu yake, faili lile lingeendelea kuwaambia watu kinyume cha kilichokusudiwa. Watu wenyewe ndio wale ambao huduma ya sauti ilitengenezwa kwa ajili yao. Anayeweza kusoma angeliona neno "hutatozwa" kwenye kioo cha simu na asingekosea.

Mjadala wa Kiswahili na teknolojia umejishughulisha zaidi na istilahi: tuiteje kompyuta, tuiteje barua pepe. Kazi hiyo ina thamani yake, na mabaraza yetu, BAKITA na BAKIZA, yamebeba mzigo mkubwa. Hapa hoja ni nyingine. Muundo wa lugha, si msamiati wake, unakutana na mashine iliyobuniwa na watu ambao lugha zao huweka ukanushi mahali pengine katika sentensi.

2.0 Safari ya sauti kutoka kwenye kompyuta hadi sikioni

Sauti ya msomaji huhifadhiwa kama faili katika kompyuta ya mtoa huduma. Simu ikiingia, kompyuta hulisoma faili hilo na kulipeleka mtandaoni vipande vipande. Katika simu ya kawaida sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na masafa yanayobebwa ni yale ya baina ya hezi 300 na 3,400 tu. Inaposafirishwa kwa itifaki za intaneti, hufungwa katika pakiti ambazo mara nyingi kila moja hubeba milisekunde 20 za usemi. Silabi moja ya Kiswahili kinachosemwa kwa mwendo wa wastani hula pakiti kama saba hadi kumi. Konsonanti dhaifu kama H inaweza kuingia katika pakiti tatu au nne.

Mwanzo wa usemi hukatwa kwa sababu mbili zinazofanana matokeo lakini hazifanani tiba. Ya kwanza ni njia ya sauti kuchelewa kufunguka. Simu ya kisasa hupita katika mapatano mawili: pande mbili hukubaliana kwamba simu imepokewa, kisha hukubaliana sauti ipelekwe kwenye anwani ipi na kwa kodeki ipi. Mashine hujiona imekwishapokea pindi mapatano ya kwanza yanapokamilika, ikaanza kusema. Ikiwa mapatano ya pili bado, maneno ya mwanzo yanaangukia hewani. Binadamu hana tatizo hilo, kwa sababu huchukua muda kupeleka simu sikioni kabla ya kusema "haloo".

Sababu ya pili ni kitambua usemi. Ili kuokoa nafasi mtandaoni, vifaa vingi huacha kutuma chochote wakati wa ukimya, vikaanza tena vinapohisi mtu anasema. Kuhisi huko hutegemea nguvu ya sauti kuvuka kiwango fulani. Sauti yenye nguvu, kama irabu A yenye mkazo, huvuka mara moja. Sauti hafifu ya glota, ambayo ni pumzi tu, huweza kupita yote kabla mlango haujafunguliwa.

Kuna upotevu wa tatu, ule wa redio na wa msongamano, ambao hula pakiti popote katika sentensi bila ya mpango. Huo ndio watu wanaouita "mtandao mbovu". Kwa lugha yetu hauna madhara makubwa kama hayo mawili ya kwanza, kwa sababu msikilizaji huutambua: sauti inakwaruza, inaruka, naye anajua kwamba kuna kitu hakukisikia. Kinachokatwa mwanzoni hakiachi jeraha. Waya wa simu ya maandishi wa mwaka 1879, uliopita baharini kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea Msumbiji na Durban, nao ulipoteza herufi. Lakini mpokeaji wa ujumbe alikuwa na karatasi mkononi, na neno lililopungukiwa na herufi lilionekana kuwa limepungukiwa. Nyumba ya shirika la waya pale Shangani sasa ni hoteli.

3.0 Kikanushi kilichokaa mlangoni

Wanasarufi tangu Steere (1870), aliyekusanya data zake hapa Zanzibar, hadi Ashton (1944) na waliofuata wameeleza kwamba kitenzi cha Kiswahili cha kauli ya taarifa hukanushwa kwa kiambishi kinachotangulia vyote: ha- kwa nafsi na ngeli nyingi, hu- kwa nafsi ya pili umoja (ambayo ni muungano wa ha- na u-), na si- kwa nafsi ya kwanza umoja. Jambo lililopewa uzito mdogo zaidi darasani, ingawa Contini-Morava (1989) amelichunguza kwa kina, ni kwamba ukanushi na njeo vimefungamana. Mara nyingi kiambishi awali hakikai peke yake. Kuna alama ya pili ndani ya kitenzi. Alama hiyo ya pili ndiyo inayoamua hatima ya ujumbe wetu.

Tuanze na hali timilifu. "Umesajiliwa" hukanushwa kuwa "hujasajiliwa". Ikipotea H, kinachobaki ni "ujasajiliwa". Hakuna msemaji wa Kiswahili atakayedhani kwamba ameambiwa amesajiliwa, kwa sababu -ja- inabaki ikishuhudia. Wakati uliopita ni hivyo hivyo: "hukutozwa" ikikatwa huwa "ukutozwa", na -ku- inatosha. Wakati uliopo nao una kinga yake mwishoni mwa neno: "hutozwi" huwa "utozwi", na irabu -i ya mwisho haina nafasi katika umbo yakinishi la "unatozwa". Kwa maneno mengine, katika njeo hizi tatu Kiswahili kimeweka walinzi wawili, mmoja mlangoni na mmoja ndani. Mtandao ukimwondoa wa mlangoni, wa ndani anapiga kelele.

Wakati ujao hauna mlinzi wa ndani. Kiambishi -ta- ni kile kile katika yakinishi na katika kanushi, na irabu ya mwisho ni ile ile:

utatozwa / hutatozwa
atapokea / hatapokea
itafunguliwa / haitafunguliwa
tutakupigia / hatutakupigia

Ukikata mwanzo wa maneno ya upande wa kulia hupati neno bovu. Unapata sentensi sahihi, fasaha, yenye maana kamili na iliyo kinyume. Na wakati ujao ndio njeo inayopendwa na watunzi wa jumbe hizi, kwa sababu kazi ya huduma ni kumweleza mteja kitakachotokea: utatozwa, utaunganishwa, utapokea, hutarejeshewa.

Eneo la pili la hatari ni vitenzi vya -na, vya kumiliki na vya kuwepo. "Huna deni" na "una deni" vinatofautishwa na H pekee. "Huna salio la kutosha" ikikatwa huwa "una salio la kutosha". "Hakuna" bila ya ha- ni "kuna". "Hamna" ni "mna". Na "hapana", neno ambalo kila mtu anadhani ni kanushi lisiloweza kukosewa, likipoteza silabi ya kwanza hubaki "pana", yaani ipo. Nafsi ya kwanza ina kichekesho chake. Mashine inayojinasibu kwa kusema "sitaweza kukuunganisha" ikipoteza S hubaki "itaweza kukuunganisha", na mpigaji anasubiri, akidhani kwamba kuna mashine nyingine inayokuja kumsaidia.

Jozi hizi hazina hatari sawa, na hapa ndipo sarufi inapomsaidia fundi kujua aanze wapi. Katika "haitafunguliwa", kupotea kwa H pekee kunaacha "aitafunguliwa", umbo ambalo bado linasikika kuwa ni kanushi lililopungukiwa. Ili maana igeuke lazima ipotee silabi nzima, pakiti saba au zaidi. Katika "hutatozwa" na "hatapokea", kiambishi cha nafsi kimemezwa na kikanushi kiasi kwamba tofauti nzima baina ya ndiyo na siyo ni pumzi moja. Pakiti tatu zinatosha. Nafsi hizo mbili, ya pili na ya tatu umoja, ndizo hasa ambazo mashine huzitumia: "wewe" mteja, na "yeye" unayempigia au unayemtumia fedha.

Mkazo nao unaongeza tatizo. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, silabi ya kwanza ya kitenzi kirefu haina mkazo. Hu- ya "hutatozwa" husemwa kwa nguvu ndogo kuliko -to-, na kitambua usemi kinachongoja nguvu huchelewa zaidi kufunguka. "Huna" ina silabi mbili, kwa hiyo irabu yake ya kwanza ina mkazo na husalimika. H yake ndiyo isiyosalimika. Na wakati mwingine hu- yote hupotea, ikabaki "tatozwa". Neno hilo halina nafsi. Sikio halivumilii kitenzi kisicho na nafsi, hivyo hujaza, na linalojazwa kwa wepesi ni umbo fupi, yaani yakinishi.

Kuna suala la lahaja ambalo nalitaja kama dhana inayohitaji kupimwa. Wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, wanaodondosha H katika usemi wa kila siku. Anayeishi miongoni mwao amezoea kuuliza muktadha: "utatozwa" hii ni ipi? Msikilizaji wa Unguja aliyelelewa na watu wanaoitamka H kwa ukamilifu hana sababu ya kuuliza. Kwake kukosekana kwa H ni taarifa. Ikiwa ni hivyo, basi msemaji wa lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ndiye anayeweza kudanganyika zaidi na faili lililokatwa.

Tiba ya kwanza inayomjia fundi ni kuongeza ukimya mwanzoni mwa faili, nusu sekunde au sekunde nzima. Tiba hiyo ni sahihi kwa njia iliyochelewa kufunguka. Kwa kitambua usemi haisaidii kitu, kwa sababu ukimya wenyewe ndio unaokifunga. Mlango utafunguka pale pale usemi unapoanza, na H itabaki nje kama mwanzo. Kinachohitajika ni usemi wa kutangulia: maneno ambayo yakiliwa hayana hasara. "Mpendwa mteja," au salamu. Kitambua usemi kikishafunguka huendelea kuwa wazi kwa sehemu ya sekunde baada ya sauti kukoma, kwa hiyo kituo kati ya salamu na ujumbe kiwe kifupi, vinginevyo mlango hujifunga tena na salamu inakuwa imepotea bure. Nimewasikia watunzi wa jumbe wakilalamika kwamba adabu hizi hupoteza muda na fedha za mteja. Kwa Mzanzibari, kuingia katika jambo bila ya salamu ni utovu wa adabu. Kwa mtandao wa simu, yaonekana, ni utovu wa tahadhari.

Tiba ya pili ni ya mtunzi. Kikanushi -si- hukaa ndani ya kitenzi, katika hali tegemezi na katika vishazi vya urejeshi: "usitozwe", "isiyotozwa". Mtandao hauwezi kukifikia bila ya kuharibu neno zima. Njia nyingine ni kuukwepa ukanushi: "Simu hii ni ya bila malipo." Watunzi wengine hupendelea "ni ya bure", nami siipendi sana, maana "bure" ina maana yake nyingine na msikilizaji mwenye mzaha hataiacha ipite.

4.0 Nambari

Habari za nambari zinastahili makala yake. Hapa nitagusa yale yanayoingiliana na mtandao. Kwa kuwa simu haibebi masafa ya juu ya hezi 3,400, sehemu kubwa ya nguvu ya S hupotea, na S iliyopungua ikikutana na pakiti mbili tatu zilizoanguka huwa ni mkwaruzo tu. Sasa tazama "sita" na "tisa": konsonanti ni zile zile, irabu ni zile zile, mpangilio tu umebadilika. "Sitini" na "tisini" vivyo hivyo. Mashine inayosoma salio la shilingi elfu sitini inamwachia msikilizaji kupambanua 60,000 na 90,000 kwa kujua ni ipi iliyotangulia kati ya S na T, jambo ambalo kodeki ya mbano mkubwa huliharibu mwanzo kabisa. Kurudia kiasi mara mbili husaidia. Kukirudia kwa namna nyingine, kwanza kwa ukamilifu kisha tarakimu moja moja, husaidia zaidi.

Upatanisho wa kisarufi ni kosa la utungaji ambalo mara kwa mara husingiziwa mtandao. Mpigaji husikia "una vifurushi… mbili", na kwa kuwa kuna kituo kidogo kabla ya "mbili" hudhani kuna kitu kilichokatika. Hakuna kilichokatika. Mashine imeunganisha faili mbili, na faili la "mbili" ni lile lile linalotumika katika "bonyeza mbili". Lugha ambayo mfumo ulibuniwa kwayo ilihitaji rekodi kumi kwa nambari kumi. Kiswahili hupatanisha moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Ukihesabu maumbo yao tofauti katika ngeli za watu, miti, vitu, majina na nyumba, unapata maumbo 28: mmoja, wawili, miwili, vitatu, manne na kadhalika. Ongeza sita, saba, tisa na kumi, ambazo hazibadiliki, yanakuwa 32. Na kwa kuwa nambari inayosemwa katikati ya sentensi haina kiimbo cha nambari inayofunga sentensi, msomaji anapaswa kurekodi kila moja mara mbili. Mteja wa studio aliyelipia rekodi kumi atapata mashine inayosema kama mgeni, hata kama msomaji ni mzaliwa wa Malindi. Asiyekuwa na fedha za rekodi 64 achague nomino za ngeli moja ya N-, kama siku, dakika, shilingi, simu na nambari, ambapo maumbo ya kuhesabia yanatosha. Uchaguzi huo unabana msamiati, lakini hauvunji sarufi.

Saa ni tatizo dogo kwa fundi na kubwa kwa mteja. Kompyuta hutunza saa 20:00, na sheria ya kuondoa sita ili kupata "saa mbili usiku" ni ya mstari mmoja wa programu. Ugumu upo katika siku. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili Waislamu siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wengi wa Unguja ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kompyuta huuita Alhamisi. Mashine ikisema kwamba kifurushi kitakwisha "saa sita usiku wa Ijumaa", watu wawili katika nyumba moja wataielewa kwa tofauti ya siku nzima, na hakuna kipimo cha mtandao kitakacholiona kosa hilo.

5.0 Vitufe

Upande wa pili wa mazungumzo ni wa mpigaji, ambaye hujibu kwa kubonyeza. Kila kitufe hutoa toni mbili kwa pamoja, moja kutoka kundi la chini (hezi 697, 770, 852 na 941) na moja kutoka kundi la juu, linaloanzia hezi 1,209. Katika simu ya mezani toni hizo hupita kwenye waya kama sauti. Katika simu ya mkononi sivyo: simu hutuma taarifa tu kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, na mtambo wa kampuni ndio unaotengeneza toni. Toni ikipitishwa baadaye katika kodeki iliyobuniwa kwa ajili ya usemi wa binadamu, kama G.729, huharibika, kwa sababu kodeki hiyo inatafuta koo na mdomo mahali ambapo hapana. Ndiyo maana itifaki za kisasa hupeleka kitufe kama tukio lililoandikwa, kando ya sauti. Hitilafu maarufu hutokea pale njia zote mbili zinapotumika kwa pamoja: mpigaji anabonyeza moja, mashine inapokea kumi na moja, kisha inamlaumu kwamba chaguo lake si sahihi.

Majina ya vitufe hayana matatizo makubwa. Alama # huitwa "reli" Tanzania nzima, na Unguja pia, kisiwa ambacho reli yake ya pekee ya abiria, ile ya Bububu, ilianza mwaka 1905 na kufungwa katika miaka ya 1920. Kijana wa leo anaijua reli kwenye simu kabla ya kuiona treni.

6.0 Kutafuta kosa lilipo

Swali la kwanza la mchunguzi liwe: kosa linajirudia mahali pale pale? Mlolongo niliouona ukifaa ni huu. Sikiliza faili lenyewe kwa spika za masikioni. H ikiwepo, piga huduma ile kutoka ndani ya ofisi ya mtoa huduma, kwenye simu iliyounganishwa na mtambo moja kwa moja. Kisha piga kwa simu ya mezani yenye msimbo wa 024, halafu kwa simu ya mkononi ukiwa mahali peupe, Forodhani kwa mfano, halafu ukiwa ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene na hudhoofisha mawimbi ya redio. Simu iliyo na nguvu barazani inaweza kushuka hadi kizazi cha nyuma cha mtandao ukiingia ukumbini. Mwisho piga ukiwa mbali na mjini, Makunduchi au Nungwi. Rudia kila hatua mara kadhaa.

Ikiwa H inakosekana kila mahali na kila mara, tatizo ni njia ya sauti au kitambua usemi katika mtambo wa mtoa huduma, na mnara wa Makunduchi hauna hatia. Ikiwa inakosekana kwa simu za mkononi za kampuni moja tu, tazama kiungo baina ya mtambo na kampuni hiyo. Ikiwa kinachokosekana hubadilika kila mara, leo silabi ya kwanza, kesho ya tano, hilo ndilo la redio au msongamano. Sauti ikisikika upande mmoja tu, mara nyingi kosa ni anwani: mtambo umejitambulisha kwa anwani ya ndani ambayo mtandao wa nje hauwezi kuifikia. Na huduma ambayo faili zake zimewekwa kwenye kompyuta za ng'ambo iangaliwe kwa jicho jingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Sauti inayotoka mbali namna hiyo huchelewa au haifiki, hata kama anayepiga yuko mtaa wa pili na ofisi ya mtoa huduma.

Kosa kubwa zaidi la uchunguzi, kwa maoni yangu, ni swali tunalowauliza wasikilizaji. Majaribio ya ubora huuliza: "Umesikia vizuri?" Mama wa Jambiani angejibu ndiyo. Mimi pia ningejibu ndiyo. Sentensi iliyopoteza kikanushi chake katika wakati ujao ni safi, na vipimo vya mashine vinavyokadiria ubora kwa kuhesabu mikwaruzo na ucheleweshaji vitaipa alama nzuri. Inafaa msikilizaji aombwe aseme alichoambiwa, kwa maneno yake, bila ya kuonyeshwa maandishi. Na orodha ya sentensi za majaribio isitungwe ovyo. Iwe na jozi za wakati ujao katika nafsi ya pili na ya tatu umoja, jozi za -na, "sita" na "tisa", na ziwekwe mwanzoni kabisa mwa ujumbe, mahali pabaya kuliko pote. Mwanafunzi yeyote wa shahada ya uzamili katika mofolojia anaweza kuitunga orodha hiyo kwa asubuhi moja, na fundi akaitumia kwa miaka.

Huduma iliyomkasirisha mama yule ilirekodiwa upya. Msomaji sasa huanza kwa "Asalaam alaykum, ndugu msikilizaji," kisha bila ya kituo kirefu, "simu hii ni ya bila malipo." Nilipokutana naye tena ufukweni, maji yakiwa yametoka, hakuwa na malalamiko juu ya fedha. Aliuliza tu imekuwaje mashine siku hizi yasalimu.